Kulitembeza Lori la Afande

Wadogo zangu,

Mtanisamehe kwa mwandiko huu. Herufi zangu hulala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na mkikuta nimekosea maneno msinicheke sana, kwani niliishia darasa la saba na tangu hapo mkono wangu umeshika brashi kuliko kalamu. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Lakini kusema mbele ya watu ndiko kunakonishinda kabisa. Mzee Alfonsi, fundi aliyenifundisha mimi na anayewafundisha nyinyi, aliniita karakana nije niwaeleze kazi, nikafika mlangoni, nikawaona mmekaa kwenye mabenchi mnanitazama, nikasingizia kuna kitu nimesahau nyumbani. Sikurudi. Nilichotaka kuwaambia siku ile nakiandika hapa, na wale mliokwisha kurudi kwenu, wengine Mtowisa, wengine Mpui, wengine Kabwe, mtasomewa na atakayetangulia kukipata.

Nimestaafu. Tito, niliyefanya naye kazi miaka yote, hucheka kila nikilitamka neno hilo. "Mstaafu gani hana hata unywele mmoja mweupe, mshikaji?" Ni kweli, hata miaka thelathini sijafika. Lakini kifua kilianza kubana kwa vumbi na tapentaini, daktari akaniambia niache, nikaacha. Sasa napanda vitunguu na kifua kimetulia. Nalala mpaka asubuhi bila kukohoa, na hilo pekee linanifanya niamke nikiwa na furaha. Kwa hiyo la kwanza kabisa: fungeni kitambaa puani mnapopepeta udongo. Mimi niliona aibu kufunga, nikidhani Tito ataniita mgonjwa.

Wageni katika kazi mtauliza udongo unaingiaje kwenye ufundi wa mbao. Zamani Mzee Alfonsi alitengeneza vigari vya bati vya watoto. Kisha biashara ikafunguliwa, malori yakaanza kuleta kila kitu kutoka Tunduma, na sokoni Sumbawanga yakajaa magari ya plastiki yanayojiendesha kwa ufunguo. Mtoto akiona gari linalokimbia lenyewe hataki tena la kuvutwa kwa kamba. Mzee alikaa na vigari vyake vya bati msimu mzima. Ndipo akaja mstaafu mmoja wa jeshi akamwomba amtengenezee kifaru kidogo cha vita cha kuweka sebuleni. Akaja wa pili akataka deraya, lile gari la vita la magurudumu. Wa tatu akataka lori la magurudumu sita. Watu wazima wakawa wateja wetu, na mtu mzima haangalii kama gari linakimbia. Anaangalia kama ni lenyewe.

Gari likishachongwa, likapigwa bati na rangi ya kijani, linakuwa jipya kama limeshushwa melini leo. Kazi yangu mimi ilikuwa kulitembeza. Ndivyo tulivyoita. Maana yake si kulisukuma sakafuni. Ni kulitia kutu, moshi, michirizi ya mafuta, vumbi na matope, mpaka anayelitazama aamini limetoka safari.

Siku zangu za mwanzo Mzee Alfonsi hakuniruhusu kugusa brashi. Alitazama gari langu la kwanza, akasema, "Festo, wewe unapaka matope kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate." Akanituma stendi ya malori nikae kutwa nikitazama magari yanayotoka bondeni.

"Nikatazame nini, mzee?"

"Pale ambapo hapana uchafu."

Nilidhani ananidhihaki. Lakini kaeni mtazame, mtaona. Ngazi ya dereva ni safi katikati kwa sababu ya viatu. Mlango una sehemu iliyong'aa chini ya dirisha, pale anapoegemeza kiwiko. Kioo kimefutwa kama kipande cha chungwa, na nje ya kipande hicho vumbi limelala vilevile. Chini ya mfuniko wa tangi kuna mchirizi mweusi, kwa sababu mafuta humwagika kidogo na vumbi hunasa juu yake. Gurudumu la mbele hurusha tope nyuma ya mlango, si mbele. Tope bichi ni jeusi, likikauka linakuwa jeupe-jeupe pembezoni kwanza. Ukishajua pale pasipochafuka, uchafu wenyewe utajua pa kukaa.

Shida ilikuwa madereva. Kijana amekaa mbele ya lori kutwa, hasemi, anatazama magurudumu. Utingo mmoja akanijia na spana mkononi.

"We kijana, unapima nini hapa?"

Nikakaza macho kwenye gurudumu.

"Nakuuliza. Unataka kuiba tairi?"

Nikajitahidi nikasema, "Natazama matope."

Akageuka akamwita mwenzake. "Njoo umwone huyu. Kaja kutazama matope." Wakacheka, kisha wakanipa spana nikawasaidia kubandua tope lote chini ya lori. Nilijifunza mengi kuliko niliyojifunza kwa siku zote nilizokaa. Tope lililo chini kabisa ni gumu na lina mawe. La juu yake ni laini. La nje kabisa ni vumbi tu. Ni matabaka, na nyinyi wekeni kwa matabaka hayo hayo, mkingoja kila moja likauke. Kutu na mikwaruzo kwanza, mafuta yafuate, tope, kisha vumbi. Kutu tulipata kwa kuloweka misumari mikuukuu kwenye kopo la maji ya chumvi. Moshi wa bomba ni masizi ya kibatari. Matone ya tope rusheni kwa mswaki, mkiuvuta kwa ukucha wa kidole gumba, na jaribuni kwanza kwenye karatasi, msije mkampiga Mzee usoni kama nilivyofanya mimi.

Kosa langu la pili lilikuwa ukubwa. Nilichota udongo mwekundu nyuma ya karakana nikaubandika ulivyo. Mzee akaokota kijiwe kimoja kwenye bodi ya deraya.

"Hiki kwako ni kijiwe. Kwa askari aliyemo humu ndani ni nyumba ya jirani. Amepitaje?"

Udongo wa gari dogo lazima uwe laini kama unga, na chekeche ya nyumbani haitoshi. Kinachofaa ni soksi ndefu za kike, zile nyepesi. Zilikuwa zimejaa kwenye mitumba, ila mtu wa kuzinunua alikuwa mimi. Nilizunguka lile fungu mara nyingi mpaka mama muuzaji akaniita mwenyewe.

"Karibu mwanangu. Za mchumba? Ana miguu mirefu?"

Tito alikuwa nyuma yangu. Alingoja watu wajae, akasema kwa sauti, "Mama, mpe yoyote tu. Ni ya lori."

Tangu siku ile yule mama alinisalimia, "Lori halijambo?" Soksi ile ilidumu sana. Nunueni, aibu inapita.

Sasa niwaeleze lori la Afande, maana hilo ndilo lililonibakiza katika kazi.

Afande Gaspari aliendesha malori ya jeshi mpaka alipostaafu, akarudi kwao Mpui. Baba yangu naye ni wa Mpui, na mashamba yao yamepakana. Aliagiza lori la magurudumu sita lenye turubai, kama lile alilokuwa akiendesha yeye. Mzee Alfonsi akalichonga, mimi nikalitembeza kwa udongo uliochanganywa na gundi ya mbao. Gundi ile ikikauka hung'aa. Afande akaligeuza mkononi, akasema, "Hili limemwagikiwa mchuzi." Akalirudisha.

Nikalisafisha lote, nikalipulizia vumbi kavu tupu. Akaja tena. "Hili lilisahaulika ghalani." Akalirudisha mara ya pili.

Hakuwa mtu mkali. Alisema kwa upole, na ndiyo maana iliuma. Ila jioni alikaa kilabuni na baba yangu, na huko akasema lori la Festo halijawahi kutoka gereji. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Hakutaka nifanye kazi hii tangu mwanzo, aliona ni mchezo wa watoto. Akaja mjini kunitafuta.

"Baba yako mdogo kule Kabwe anahitaji mtu wa kumsaidia kwenye mtumbwi," alisema. "Afande akilirudisha lori mara ya tatu, Jumamosi nakuja kukuchukua."

"Ndiyo, baba."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia."

Kwa wengine Kabwe ni pazuri, mnisamehe mnaotoka huko. Mimi siwezi kuogelea, na samaki wakiuzwa pale ziwani lazima upige kelele kuwashinda wengine. Mtu asiyeweza kununua soksi atauzaje migebuka? Na kazi nilikuwa nimekwisha kuipenda. Usiku ule nilisali kama mtoto.

Nilihitaji kitu cha kushika udongo kisichong'aa. Nikakumbuka sufuria ya uji wa ulezi nyumbani, jinsi unavyong'ang'ania pembeni ukikauka, unavyopasuka nyufa kama njia ya Mtowisa wakati wa kiangazi, na rangi yake ni ya udongo tayari. Nikapika uji mzito, nikachanganya na udongo wetu mwekundu uliopita kwenye soksi, nikapaka chini yote, kwenye magurudumu, nyuma ya kila tairi, tena nene. Ulipokauka hata Tito aliusogelea autazame. Haukung'aa hata kidogo. Ulipasuka vizuri ajabu. Nikaliweka lori kwenye rafu, nikaenda kulala nikiwa mwepesi.

Mmekwisha kujua kilichotokea. Mimi sikujua, na nimezaliwa katika nyumba ambayo ulezi hufungiwa ndani ya pipa.

Asubuhi ya siku ambayo Afande angekuja kulichukua nikakuta panya wamekula tope. Hawakulila lote. Walikula nyuma ya magurudumu, wakala kona za bodi, wakaacha madoa ya kijani kibichi yanayong'aa kama jani lililooshwa. Vipande vingine vilikuwa chini ya rafu. Nilikaa kwenye benchi nikayatazama tu.

Tito akaingia. "Poa, Fes..." Akaliona. Hakumalizia salamu. Akatoka nje, nikasikia anacheka, kisha anarudi akijikaza. "Pole, ndugu yangu. Wamekula na chumvi?"

Mzee Alfonsi akaja, akalishika lori, akalinusa. "Umepaka nini hapa?"

"Uji wa ulezi, mzee."

"Na sukari ulitia?" Akatikisa kichwa. "Lifunike. Afande akija nitamwambia bado. Aje mwezi ujao."

"Mzee, akiondoka bila lori baba atahesabu limerudishwa. Mwezi ujao mimi nitakuwa Kabwe."

Akanitazama. Alijua habari za baba. "Una mpaka saa sita, lori la Mpui litakapomshusha," akasema.

Nikakoroga udongo mpya na gundi ili nizibe yale madoa. Nikaziba moja. Likaonekana kama kiraka kwenye suruali. Nikalibandua. Nikatoka nje nipate hewa, nikaenda mpaka stendi kwa mazoea tu. Palikuwa na lori lililoingia jana yake kutoka bondeni, limeegeshwa juani. Kulikuwa kimya, dereva hayupo. Mbele ya macho yangu kipande cha tope kikaachia nyuma ya gurudumu, kikaanguka chini, pu. Baada ya muda kingine. Pale kilipotoka pakabaki rangi ya lori.

Nikapiga magoti nikachungulia. Tope lilikuwa linaanguka pale lilipokuwa nene, kwa sababu uzito wake lenyewe unalivuta. Na panya wangu walianza kula pale lilipokuwa nene. Ilikuwa sehemu ileile. Ila rangi ya lori lile haikuwa inang'aa kama yangu. Pale tope lilipobanduka palikuwa pamebaki kivuli chake, wekundu hafifu kama ule unaobaki kwenye shati jeupe hata ukilifua.

Nilikimbia kurudi, nikapita mbele ya watu wote wa sokoni bila kuona haya. Nikachukua udongo kidogo, maji mengi, kitambaa, nikapaka yale madoa ya kijani kisha nikafuta, ukabaki ule wekundu hafifu. Kingo zilizotafunwa nikazigusa kwa vumbi jeupe, kwa kuwa pembe ya tope hukauka kwanza. Sikuziba hata doa moja. Nikavunja na jingine kwa kisu, upande ambao panya hawakufika.

Afande akaingia saa sita ikiwa imepita kidogo, amevaa koti lake la baridi hata katika jua lile.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Limetembea?"

Nikalisogeza lori mbele yake. Alilichukua, akatoka nalo nje, akaliweka juu ya ukuta mfupi, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na magurudumu, akafumba jicho moja. Mzee Alfonsi akajifanya anapiga msasa ubao ambao ulikuwa umekwisha kuwa laini. Tito alisimama mlangoni. Afande akakaa vile muda mrefu, akazunguka upande wa pili, akachuchumaa tena.

"Festo. Hili tope la nyuma ya gurudumu. Nani alikuambia ndilo linaloanguka la kwanza?"

Nilitaka kusema ni mimi niliyetazama pale stendi. Lakini alipoliinua, kinyesi kimoja cha panya kikavingirika kutoka chini ya turubai kikaangukia kiganja chake. Akakitazama.

"Na huu mzigo ni wa nani?"

"Ni panya, Afande. Shikamoo."

"Umeshanisalimia."

"Ndiyo. Nilipaka uji wa ulezi, panya wakala. Nikaenda kutazama lori stendi nikaona ni hivyo hivyo, nikaacha. Lile doa la kushoto nimevunja mwenyewe." Nadhani hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia mtu mzima kwa mara moja.

Afande akakaa juu ya ukuta, akaliweka lori magotini. Alianza kucheka taratibu, mabega tu, mpaka akafuta macho. Kisha akatulia.

"Sikiliza," akasema. "Unaendesha siku nzima kwenye mvua. Hujui kama daraja lipo. Hujui kama wenzako wa nyuma wapo. Tope linajaa mpaka usukani unakuwa mzito. Halafu unafika kambini, unazima injini, unashuka, unakaa kivulini. Jua linawaka. Ukisikia tope linaanza kuanguka lenyewe chini ya gari, pu, pu, ndipo mwili unajua umefika. Mimi nilikuwa nalala hapohapo chini nikilisikiliza." Akapapasa bodi. "La kwanza mlilonipa lilikuwa bado limo ndani ya tope. La pili halikwenda popote. Hili limefika."

Mzee Alfonsi akaweka msasa chini. "Kwa hiyo unalichukua?"

"Nalichukua. Panya wabaki nanyi."

Nikakaa juu ya debe la rangi. Lilikuwa halijafunikwa vizuri. Suruali ile ninayo mpaka leo, ina duara la kijani.

Afande alilipakata lori mpaka Mpui, hakukubali liwekwe kwenye mizigo. Jumamosi baba alikuja kama alivyosema. Nilimwona kwa mbali akija bila mfuko wala kamba ya kufungia godoro langu, nikaanza kupumua. Alisimama karakana, akatazama rafu, akagusa kifaru kimoja kwa kidole kisha akakitazama kidole chake kama kimechafuka. Hakikuwa kimechafuka.

"Nasikia panya wamekuombea," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Baba yako mdogo nimemtumia salamu tu. Atatafuta mtu mwingine." Akajifuta kidole kwenye suruali. "Mama yako anasema ulezi uache. Upike uji wa mahindi, hauna ladha."

Alikaa akala chakula nasi. Alipoondoka nilicheka peke yangu mpaka Tito akaniuliza kama naumwa.

Baada ya hapo tuliacha nafaka kabisa. Shikeni udongo kwa gundi kidogo iliyozimuliwa kwa maji mengi, na mtie majivu yaliyopepetwa, majivu huua ule mng'ao. Nyufa mtazipata mkiweka tabaka nene juu ya lililokauka na kulianika juani. Vipande vya kuanguka vunjeni wenyewe, mkianzia pale palipo nene. Na kila mteja akija, kabla hamjachota udongo, mwulizeni gari lake liko wapi katika safari: linakwenda, limekwama, au limefika. Wengi watasema hawajui. Waacheni wafikiri, watawaambia.

Nina swali nanyi. Kwa kuwa sikwenda Kabwe, mpaka leo sijui matope ya kando ya ziwa hukauka rangi gani, kama yana mchanga, kama hupasuka au hubanduka mapande mapande. Mliopo huko niandikieni. Wa Mtowisa niandikieni kuhusu ule udongo mweusi wa mashamba ya mpunga. Mwandiko wowote nitausoma, hata mkichora tu. Mpeni dereva wa lori lolote linalopanda mjini, mwambieni ni ya Festo wa matope, atauliza sokoni. Na mkiweza, fungeni udongo kidogo kwenye karatasi, mkavu.

Wenu,
Festo